Masufuria ya Marehemu, Mamilioni ya Uholanzi

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usihangaike, nakusimulia kwa kifupi. Kiwanda cha nguo kiliuzwa, mie nikaitwa mfanyakazi wa ziada. Ziada, kama kucha. Mke wangu Mwanakombo akaugua, akafia kwenye korido ya hospitali akisubiri kitanda, na wakubwa wakapita pale pale na miwani yao kwenda kuzindua jengo la utawala. Nikabaki na nyumba yangu ya Tandika, na ufunguo.

Huo ufunguo ndio ulionipeleka pabaya.

Mtaani kwetu tuna chama cha kuzikana. Waislamu, Wakristo, wenyeji, watu wa bara, wote humo humo. Tulichangishana miaka na miaka tukanunua masufuria makubwa ya kupikia, masinia, majagi, mikeka na turubai. Akifa mtu, vyombo vinatoka, wafiwa wanasitiriwa, watu wanakula, msiba unakwenda kwa heshima. Mwanakombo ndiye aliyekuwa mtunzaji. Chumba chetu cha uani kilikuwa stoo ya chama. Alipofariki, watu wakasema ufunguo ubaki kwangu, ndiyo namna ya kumkumbuka.

Kwa hiyo vile vyombo havikuwa vyangu. Vilikuwa sitara ya kila maiti wa mtaa ule, pamoja na maiti ambao bado wanatembea.

Sasa sikilizeni uchafu wenyewe.

Mwenyekiti wetu wa mtaa anaitwa Nikodemu. Mstaafu wa ofisi fulani, hatoki nje bila suti ya Kaunda, na akiongea hufumba macho kama vile maneno yake ni matamu mdomoni mwake. Katibu wake ni Erasmus. Huyu Erasmus alipelekwa semina, huko wakaambiwa kila mtaa uwe na imeili, yaani anwani ya barua za kwenye kompyuta, ili wafadhili watuone. Akaenda Kariakoo kwenye intaneti kafe, akafungua anwani kwa jina la mtaa. Wafadhili hawakuandika. Aliandika mwingine.

Tukaitwa mkutano. Erasmus akasimama na karatasi.

"'Mpendwa mshindi,'" akasoma, anatafsiri kutoka Kiingereza huku jasho linamtoka. "'Tunafurahi kukuarifu kwamba anwani yako imeshinda katika bahati nasibu kuu ya dunia, iliyochezeshwa Uholanzi.'"

Kisha Farida, mama ntilie, shoga wa marehemu mke wangu, akanyoosha mkono.

"Tulicheza lini?"

"Bi Farida, hatukucheza. Kompyuta inachagua yenyewe."

"Inatujua?"

"Inaijua anwani."

"Makubwa! Bomba la maji limeshindwa kuijua Tandika mwaka wa ngapi huu, kompyuta ya Uholanzi imeijua?"

Watu wakacheka. Shomari muuza kahawa akamrukia. "Farida, funga mdomo, unatia mkosi! Mie hapa nilipokaa nimeshaoa mke wa pili."

"Wa kwanza anakula nini?"

"Atakula cha Uholanzi!"

Nikodemu akagonga meza. Akasema anwani si ya Erasmus wala si ya mwenyekiti, anwani ni ya mtaa, kwa hiyo umeshinda mtaa mzima. Ee bwana, hapo watu walisimama. Wenye nyumba wakauliza kama wapangaji wamo. Wapangaji wakauliza kwani kodi wanalipa kwa majani. Mtu akataka kujua habari ya aliyehamia juzi. Mwingine akasema yeye amehama lakini godoro lake bado liko mtaani.

Kelele zilipopoa, Nikodemu akasema kuna ada kidogo ya kufungulia fungu. Na hapo, badala ya kunusa uvundo, tulifanya kile tunachokijua. Tuliunda kamati!

Wallahi, kama ya harusi. Mwenyekiti wa kamati, katibu wa kamati, kamati ndogo ya michango, kamati ndogo ya mapokezi. Kuna mtu alipendekeza tukodi matarumbeta twende nayo uwanja wa ndege siku mzigo unashuka, na hoja ikaungwa mkono. Mtu akikwambia changia kamati, mkono unaingia mfukoni wenyewe, kwa sababu kesho na wewe utaoza binti. Hakuna aliyejiuliza bibi harusi yuko wapi.

Ada ikatumwa. Jibu likarudi upesi kuliko daktari: mshindi mpendwa, bado kodi ya serikali ya kule. Nyingine, tena kubwa.

Michango ikagoma. Shomari alisema ameghairi kuoa mke wa pili.

Ndipo Nikodemu na Erasmus walipokuja kwangu, jioni, mie nimekaa kibarazani.

"Shikamoo Mzee Kondo," Erasmus akasema.

"Marahaba. Nani kafa?" Maana watu hawaji kwangu ila pana maiti.

"Hajafa mtu," Nikodemu akasema, akaketi bila kukaribishwa. "Na huo ndio uzuri wenyewe. Tangu masika hajafa mtu mtaani. Vyombo vimekaa tu mle ndani, vinaliwa na kutu. Huo ni mtaji uliolala, Mzee Kondo. Siku hizi ni soko huria. Mtaji haulali."

"Vile ni vya kuzikana."

"Nani kasema tunauza? Yuko bwana Kinondoni anakodisha vyombo vya harusi. Tunaweka rehani kwake muda mfupi, tunalipa ile kodi, fungu linatoka, tunakomboa. Hata hakuna atakayejua."

"Na akifa mtu katikati?"

Akafumba macho. "Nani anaumwa?"

Niamini nisemapo, tulikaa pale watu wazima watatu tukaupitia mtaa nyumba kwa nyumba, tukitafuta nani anakaribia kufa.

"Mama yake Kimweri anakohoa," nikasema.

"Anakohoa tangu Uhuru," Nikodemu akajibu.

Nikikumbuka mazungumzo yale mate yananijaa mdomoni, siwezi kuyameza.

Nilikataa. Nataka mjue kwamba nilikataa. Nikasimama, nikamwambia mwenyekiti, vyombo vile alivichagua Mwanakombo sokoni kimoja kimoja, alikuwa anavigonga kwa kidole asikilize mlio. Siwezi.

Nikodemu hakukasirika. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Mzee Kondo, unajua kamati imeamua kitu gani cha kwanza fungu likitoka? Zahanati. Hapa hapa mtaani. Yenye vitanda. Tumependekeza iitwe Zahanati ya Mwanakombo. Ili asifie korido mwanamke mwingine."

Nikakaa.

Aliijua ile korido. Alikuja msibani, alikula pilau iliyopikwa na masufuria yale yale, alinishika mkono akasema pole. Alikiweka akibani kifo cha mke wangu kama mtu anavyoweka akiba ya nguo ya sikukuu, na siku ilipofika akakivaa.

"Ijumaa," nikasema. "Saa ya swala. Watu wasione."

Ijumaa hiyo wanaume wako msikitini, Farida yuko na biashara yake kwenye geti la karakana, pikapu ikaja uani. Nilikosa swala nikabeba masufuria. Nilibeba masinia, majagi, mikeka, turubai nikalikokota kama mnyama aliyekufa. Dereva akanisaidia kupanga. Pikapu ikaondoka, nikafunga kufuli kwenye chumba kitupu na ufunguo nikautia mfukoni, kama kwamba kuna kitu nalinda.

Siku zikapita. Nikimuuliza Nikodemu, ananiambia mambo yanashughulikiwa. Neno hilo nalijua. Kiwandani walituambia mambo yanashughulikiwa mpaka siku mashine zilipofunguliwa skrubu. Nikamwendea Erasmus.

"Nipeleke kwenye hiyo kompyuta. Nataka nione kwa macho yangu."

"Mzee, imeandikwa Kiingereza."

"Nitaangalia hivyo hivyo."

Tukaenda Kariakoo. Intaneti kafe yenyewe ni chumba chenye feni moja na kompyuta tatu, mwenye duka amekaa mlangoni anamenya chungwa. Ndani yupo mama mmoja, mwalimu kwa sura, amevaa sketi ndefu na viatu vyenye vumbi, kashika karatasi anaitazama kama cheti cha kifo. Nikamsalimu. Akaniambia anaitwa Demetria, ametoka Kimara.

"Na wewe mzee unaandikiana na wafadhili?" akaniuliza.

"Hapana, mwalimu. Sie tumeshinda."

Uso wake ukabadilika. "Mmeshinda nini?"

"Bahati nasibu. Ya Uholanzi."

Akanipa karatasi yake. Sijui Kiingereza, lakini herufi nazijua, na lile karatasi letu nilikuwa nimelitazama mpaka nimelikariri umbo lake. Lilikuwa lile lile. Maneno yale yale yamekaa mahali pale pale, na ile namba ndefu ya ushindi chini ni ile ile, na sifuri zake zote.

"Nimeuza cherehani," mwalimu Demetria akasema. "Mume wangu hajui. Anadhani nimempelekea fundi."

Mwenye duka akatema kokwa. "Mama, hizo zinakuja kama nzi. Hata mie nimeshinda, tena mara nyingi tu. Ningekuwa nakaa hapa kumenya chungwa?" Kisha akamwelekeza kisu Erasmus. "Huyu braza nilishamwambia zamani. Braza, sikukwambia?"

Nikamgeukia Erasmus. Alikuwa anaiangalia feni.

"Alikwambia?"

"Aliniambia, mzee."

"Lini?"

"Baada ya ule mchango wa kwanza. Nikaenda kumweleza Mwenyekiti siku ile ile."

"Siku ile ile. Yaani kabla hamjaja kwangu?"

Akarudisha macho kwenye feni.

"Erasmus, pesa ya vyombo ilikwenda Uholanzi?"

"Mzee wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "ile haikutoka hata Temeke. Hukuona bati jipya kwa Mwenyekiti?"

Nilikuwa nimeliona. Nilimpongeza.

Nikatoka nje nikashika ukuta, nikatapika pale mbele ya duka la vitenge, watu wananizunguka wananiona mlevi. Mwizi wa Uholanzi, awe mweupe au mweusi, sijamwona wala hanijui. Yeye aliniibia bila kunitazama. Huyu wa kwetu alinitazama usoni, akataja jina la mke wangu, akafumba macho.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda Kinondoni kwa huyo mwenye kukodisha vyombo. Anaitwa Kasimiri, mtu mnene, mcheshi, alikuwa anakagua vyombo vilivyorudi kutoka kwenye harusi. Nikaliona sufuria letu kubwa. Ubwabwa wa watu umegandia ndani, nje wamelipiga alama yake kwa rangi ya bluu.

"Nimekuja kuulizia rehani ya Tandika," nikasema.

"Rehani gani, mzee?"

"Haya masufuria. Mwenyekiti wetu aliyaweka rehani kwako."

Kasimiri akacheka, lakini si kwa ubaya. "Mzee, mie siyo benki. Nimenunua. Aliniambia chama kimevunjika, watu wa mtaa wenu wamestaarabika, siku hizi kila mmoja anajipikia kwake."

"Niuzie tena. Nitalipa kidogo kidogo."

"Siwezi, mzee, nimeshayaingiza kwenye biashara. Ila," akaniwekea mkono begani, "mkipata shughuli njoo nikukodishie. Kwa msiba huwa napunguza."

Nimeishi kuona siku ninapewa punguzo la kukodi masufuria ya Mwanakombo.

Nikarudi Tandika kwa miguu mwendo mrefu, njia nzima napanga maneno. Nitaitisha mkutano. Nitasema yote, na langu nitalisema. Bora watu waniteme kwa kweli kuliko waniamkie kwa uongo.

Sikuwahi.

Kuingia tu mtaani nikakuta wanawake wamejitanda khanga wanaelekea upande mmoja, na redio zote zimezimwa.

"Nani?" nikamuuliza mama mmoja.

"Mzee Suleiman. Kaanguka chooni, hakuamka."

Mzee Suleiman. Mwosha maiti wetu. Hakuna mwanamume Mwislamu mtaani kwetu aliyezikwa bila mikono yake. Siku ya Mwanakombo, yeye ndiye aliyesimama nami kaburini kumpokea, akaniambia mshike vizuri, usiogope. Hakuchukua chochote kwa mtu maisha yake yote. Msiba wake ungekusanya watu mpaka wa Pugu, na watu hao walitakiwa kukaa na kula.

Mbele ya nyumba ya marehemu palikuwa pamejaa. Na katikati, suti ya Kaunda.

"Huyo anakuja!" Nikodemu akaita kwa sauti, kana kwamba alikuwa ananingoja. "Mzee Kondo, umepotelea wapi? Tumekutafuta mchana kutwa. Kafungue stoo, vijana wabebe vyombo."

Nilimtazama. Hakukonyeza, hakutetemeka. Jicho kavu kabisa.

"Mwenyekiti," nikasema, "unajua kwamba mle hamna kitu."

"Unasemaje?" Akageukia watu. "Jamani, mmesikia? Nami nilikuwa nakataa nilipoambiwa. Mzee huyu ameuza vyombo vya maiti!"

Wee! Kelele zilizoinuka pale sijawahi kuzisikia hata siku ya kufunga kiwanda. Shomari, mtu aliyekuwa akinipa kahawa bila kunidai, alinikunja kola. "Vyombo vya msiba, Kondo? Hata mbwa ana haya!"

"Muulizeni yeye! Muulizeni Erasmus!"

Erasmus alikuwa nyuma ya watu. Wote wakageuka. Akafungua mdomo, akamtazama Nikodemu, akaufunga.

Farida akapenya katikati. Alikuwa amelia, khanga imemteleza. Akamtoa Shomari mikono kwenye kola yangu.

"Hakuna kupigana hapa," akasema. "Mzee wa watu yuko ndani, hajaoshwa. Na nani atamwosha, Mungu ndiye ajuaye, maana mwoshaji ndiye huyo aliyelala. Nyie wawili mmoja wenu mwongo. Haya, kila mtu aende akaseme lake mbele ya maiti."

Kwetu hilo si neno dogo. Kuna mtu mwenye roho ngumu atakayeweza kumdanganya mke, hakimu, hata padri, lakini mbele ya maiti asiyeoshwa ulimi unakuwa mzito. Nikasema moyoni, amekwisha. Sasa atakimbia.

Nikodemu akainama, akafungua kamba za viatu. Akavua, akavipanga vizuri ukutani. Akapita katikati ya watu kwa soksi, akasimama kwenye mlango wa chumba alicholazwa Mzee Suleiman. Sote tukamsikia.

"Mzee wetu," akasema, sauti imetulia, "wewe uko kwenye haki na mie nitafuata. Mungu anione hapa niliposimama, mkono wangu haukutoa chombo hata kimoja kwenye stoo ile. Aliyevitoa ni Kondo."

Nilitaka kupiga kelele. Ndipo nikaelewa alichofanya. Hakuwa amemdanganya maiti. Ijumaa ile yeye alikuwa ofisini kwake. Mkono uliotoa vyombo ulikuwa wangu, kila sinia, kila mkeka.

Akatoka, akavaa viatu bila haraka. Watu wakampisha.

Farida akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba, naapa yalikuwa yananiomba.

"Haya shemeji," akasema. "Ingia na wewe. Kamwambie Mzee Suleiman hukuvitoa wewe."